Safu ya Nyuma

Baada ya operesheni ya koo, Jerusha, aliyewahi kutuzwa mara tatu kuwa malkia wa muziki wa kantri, alirudi kwenye kwaya ya kanisa alikoanzia kuimba. Mwalimu wa kwaya, Mbogori, alimsikiliza ubeti mmoja tu.

"Dada Jerusha," akasema akiangalia sakafu, "utasimama safu ya nyuma. Fungua mdomo tu, usitoe sauti."

"Na gitaa langu?"

"Liache nyumbani. Watu wakiliona watakuomba wimbo."

Jumapili alisimama nyuma ya wasichana wa sauti ya kwanza. Alifungua mdomo kila palipostahili, na kwenye noti za juu akafumba macho kama zamani. Chini, penye mikunjo ya joho, vidole vya mkono wake wa kushoto vilibonyeza nyuzi ambazo hazikuwepo.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee alimjia mbio, akamshika mikono yote miwili huku akilia.

"Nimeitambua sauti yako katikati ya zote! Ni ile ile, mwanangu. Haijabadilika hata kidogo."

Jerusha alifungua mdomo, kama alivyoelekezwa.