Samahani, Tumechelewa Dakika Mbili

Wewe ulipita pale. Usibishe. Ulipita mlangoni pa ukumbi wa video, ukaiona karatasi yenye muhuri, ukaanza kujipapasa mifukoni kama mtu aliyepoteza funguo, ukaenda zako. Karatasi ilisema: "Filamu ya Kikantoni ya polisi na majambazi wenye silaha inachunguzwa. Maoni ya watazamaji yatasikilizwa kesho, saa nne asubuhi." Wewe hukuja. Waliokuja ni hawa.

Kasuku alifika wa kwanza, maana mkuki ulielekezwa kwake, na mkuki ukielekezwa kwako hauna utamu. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya skrini na kipaza sauti, akiwasemea watu wa filamu kwa Kiswahili: jambazi kwa sauti ya kukwaruza, polisi kwa sauti nzito, mke wa polisi kwa sauti ya puani. Kikantoni, hicho Kichina cha Hong Kong, hakujua hata cha kuombea maji. Alitazama midomo inavyocheza, akaijaza maneno.

Ukumbi ulikuwa wa dada yake. Asubuhi ile dada alimwambia, huku akifagia chini ya mabenchi: "Wakifunga hapa, mdogo wangu, huo mdomo utabaki wa kupigia miayo."

Na si utani. Ukumbi wa ng'ambo ya barabara ulifungwa kwa sababu ya busu. Wa nyuma ya soko ulifungwa kwa sababu ya wimbo. Walioshiba wamesahau. Waliolala njaa hawajasahau hata siku yenyewe, ilikuwa Jumanne.

Kwa hiyo Kasuku alikuwa amewapanga watu wake mapema. "Wanaogopa tutaiga ujambazi," aliwaambia. "Basi majambazi msiwataje kabisa. Sifieni polisi. Sifieni mpaka wenyewe waone haya."

Mkaguzi wa filamu aliingia na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na afande mmoja nyuma yake. Taa zikazimwa. Kasuku akashika kipaza sauti.

Majambazi saba wakavamia duka la vito. Wakamimina risasi darini, wakamfunga mlinzi kwa mkanda wake mwenyewe, suruali ikamshuka. Mkaguzi akapiga miayo. Jambazi mmoja akatupa bomu, ghorofa nzima ikapaa. Mkaguzi akavua miwani, akaipangusa taratibu. Kasuku akashusha pumzi. Heri.

Kisha mwanamke wa ghorofa ya pili akapiga simu, na polisi wakatokea. Mkuu wao akapita dirishani na vioo vyake, akafoka kwa Kikantoni, mishipa imemsimama shingoni. Pengine alikuwa anatukana. Kasuku akamsemea kwa upole kama daktari wa watoto:

"Samahani, mama. Tumechelewa dakika mbili. Hujaumia?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mkaguzi akaweka chini kalamu nyeusi, akachukua nyekundu.

Filamu ilipokwisha, taa zikawashwa. "Maoni," akasema mkaguzi. "Aanze nani?"

Fundi cherehani akasimama. "Mheshimiwa, mimi majambazi sikuwaona kabisa."

"Wako saba."

"Basi wamenipita. Macho yangu yalikuwa kwa polisi. Simu imelia, hawa hapa!"

"Baada ya muda gani?"

"Chai ya yule mama ilikuwa bado inafuka moshi."

Kalamu nyekundu ikaandika. Kasuku akamkonyeza dada yake: mambo yanakwenda.

Akafuata mjane, muuza mitumba. "Mwanangu, mimi banda langu lilipovunjwa nilipiga simu. Nikaambiwa gari halina mafuta, niyapeleke."

Kasuku akakohoa.

"Na wewe unakohoa nini? Si nasifia? Nasema hawa wa Kikantoni wanakuja na mafuta yao wenyewe!"

Afande pale mlangoni akaanza kukagua viatu vyake.

"Nami naongeza," kinyozi akadakia kabla hajaitwa. "Mheshimiwa, yule mama aliyepiga simu hakulala mahabusu hata usiku mmoja! Nilisubiri wamkamate, nikasubiri, filamu ikaisha. Huo ndio uungwana."

"Na wewe," mkaguzi akamgeukia Kasuku, "huyo mkuu wa polisi, ndivyo alivyosema? Samahani?"

Kasuku akapiga hesabu. Akisema hajui Kikantoni, ukumbi umekwenda. "Neno kwa neno, mheshimiwa."

Mkaguzi akawatazama wote, benchi baada ya benchi. "Na ninyi mnaamini mambo haya yanawezekana?"

"Yanawezekana!" wakaitika kwa sauti moja, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Dada mtu akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kasuku akamshika mkono, akamnong'oneza, "Dada, tumepona."

Mkaguzi akagonga muhuri, akasimama kusoma.

"Ukumbi hautafungwa." Vigelegele. Akangoja vitulie. "Filamu itaendelea kuonyeshwa. Majambazi wabaki wote saba, pamoja na bomu lao. Hayo wananchi wameshayazoea. Polisi wakatwe wote, tangu simu inapolia, kwa kuwa wanawatia wananchi tamaa. Aliyewaombea polisi msamaha bila idhini ya polisi akamatwe."

Kasuku yuko mahabusu tangu jana. Vaa viatu, nenda ukadai aachiwe sasa hivi.