Ukuta Ndani ya Kompyuta

"Unaikodolea macho ya nini? Unasubiri ikusalimie?"

Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kusimangwa, akavuta kiti. Shati lake lilikuwa na vifungo vitatu vya rangi tatu. Mahali pa cha nne palifungwa kipande cha waya wa simu. Mama mwenye nyumba alikuwa mshonaji, na kifungo hakimpiti mshonaji. Mtu mzima, akawaza, hata shati lake mwenyewe limemshinda.

"Nieleze tena, mama. Kazi hii ukiianza kwa kubahatisha, unaimaliza kwa kilio."

Akasonya, akaeleza. Kompyuta ni ya mumewe. Diski ya ndani ni moja, ila imegawanywa kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza kimejaa hadi mlangoni, na picha za mishono yake hazipati pa kukaa. Cha pili ni kikubwa na nusu yake ni tupu. Nusu nyingine imehifadhi picha na sauti za marehemu, mke wa kwanza wa mumewe. Kila Jumapili mume hujifungia na sauti hizo, akitoka macho mekundu. Hataki kifutwe hata kimoja. Asubuhi ile, akivaa viatu, alisema, "Ukuta msogeze. Lakini sauti ile ikipotea, nitakuwa nimemzika mara mbili."

"Kwa hiyo sogeza ukuta," mama akamaliza. "Hata punda angeelewa."

"Nimeelewa. Ila kwanza tunakili vitu vya mzee pembeni. Una flashi kubwa, au diski ya nje?"

"Sina."

Droo ya meza ilikuwa wazi kidogo. Mama akaisukuma kwa goti, ikajifunga.

"Basi nikimbie nyumbani nikalete ya kwangu, si mbali..."

"Nimekuita kazini au matembezini? Fundi gani anaanza kazi kwa kuogopa?"

Fundi akajikuna kisogo. "Mama, vitu vya chumba cha pili vitahamishwa kimoja kimoja kupisha ukuta. Ikizimika katikati, hakuna cha kuokota. Na betri ya hii imekufa, inaishi kwa waya wa ukutani tu."

"Sasa mimi ndiye nitakufundisha kazi yako?"

"Haya, mama. Nashukuru umeniamini. Siku hizi watu wa mtaa huu wakiniona wanavuka barabara."

"Habari zako nimezisikia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu fundi abishe hodi, akatabasamu.

Akaenda jikoni kunywa maji. Mgeni hakuulizwa kama ana kiu. Kutoka huko alimsikia akifungua zipu ya mkoba, akipekuapekua na kuguna kama babu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Aliporudi, mstari mwembamba wa buluu ulikuwa ukitambaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Ndiyo kasi yake hiyo? Konokono angekuwa ameshafika na kuoga."

"Inahamisha, mama. Hapa ni kutoigusa tu, na kuomba umeme usituchezee."

Mama akakunjua blanketi juu ya meza ya kushonea, akachomeka pasi.

"Mama, hiyo pasi ingesubiri kidogo."

"Nguo za wateja zitajinyoosha zenyewe?"

Akachomeka na birika la umeme.

"Mama, tafadhali!" Fundi aliinuka nusu, mikono hewani kama anayezuia mtoto asianguke.

"Kaa chini! Hii nyumba ya watu, si kibanda chako."

Tap! Swichi kuu ikaanguka, kama ifanyavyo siku zote viwili hivyo vikikutana. Feni ikazunguka raundi ya mwisho, ikasimama. Friji ikanyamaza. Mama akageuka taratibu kuitazama meza.

Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Mstari wa buluu ulikuwa bado unatambaa.

"Nimeipachika betri ya kompyuta yangu ulipokuwa jikoni," fundi akasema, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Kwa bahati ni za aina moja. Aliyeumwa na nyoka, mama, akiguswa na ung'ongo anaruka. Nimeshaliza watu vya kutosha."

Mama alikwenda kuinua swichi, akarudi, akasimama nyuma ya kiti cha fundi mkono kiunoni, hadi mstari ulipofika mwisho.

Mume aliingia na mkoba wake wa kazini ungali begani. Hakusalimia. "Vipi?"

"Sogea uhakikishe mwenyewe, mzee." Fundi akafungua chumba cha pili, akabonyeza.

Sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni, yenye kicheko ndani yake. "Acha kunirekodi bwana, mikono ina unga! Nitakupaka, shauri yako!" Kisha vishindo, na wawili wakicheka mpaka wakakohoa.

Mume akakaa sakafuni, na mkoba wake begani.

"Vyote vipo?"

"Vyote, mzee. Hakijapotea hata kimoja. Hata mimi siamini."

Mama akaushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mume akaona, akamshika mkono, machozi yakimtiririka.

"Pole, mke wangu. Kumbe na wewe ulikuwa roho juu hivi. Huyu fundi umemtoa wapi?"

Mafundi hodari walikuwa tele mtaani, wawili wao mlango wa tatu tu kutoka pale. Lakini mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza jambo moja: ni fundi gani akiishika kompyuta ya mtu hakibaki kitu ndani? Na majirani wote, bila hata kufikiri, walimtaja huyu.