Komeo la Mlango wa Jikoni

Kibwana alichonga pistoni ya treni yake, ndogo kama kidole gumba, ikapanda na kushuka bila kukwaruza. Lakini komeo la jikoni kwake lilipovunjika, mlango ulifungwa kwa kamba, na mbuzi wa jirani wakawa wanausukuma wapendavyo.

"Baba Rukia, nitengenezee komeo," mkewe, Mwanahawa, alimsihi kila mara.

"Ngoja kwanza nimalize treni yangu."

Alasiri hiyo majirani walijaa uani kuiona treni yenyewe, ndogo kama sanduku la nguo, ikitembea kwa mvuke. Moto ulishawashwa. Kilichobaki ni kufunga mkono wa chuma wa kuzungusha magurudumu, urefu wa shibiri, uking'aa mezani.

Mwanahawa alirudi kutoka kisimani akakuta mbuzi wamemaliza unga wa maandazi ya wageni. Aliuchukua ule mkono, akaingia jikoni, akaupenyeza kwenye pete za komeo. Ukakaa sawasawa.

"Mama Rukia! Fungua, mvuke unapanda!"

"Ngoja kwanza ninywe chai yangu."

Kibwana akausukuma mlango kwa bega. Chuma kikatikisika kidogo, kisha kikatulia. Mwanahawa akajimiminia kikombe cha pili.