Mizani ya Bi Raya

Siku hizi kufungua kompyuta yako mwenyewe ni kosa la jinai. Ukitaka kujua ina kumbukumbu kiasi gani, unaiuliza, basi.

Bi Raya, muuza iliki, aliiuliza yake. Tangu irudi kutoka kwa fundi, ikimsomea gazeti mamake asiyeona, inakwama kila sentensi.

“Gigabaiti thelathini na mbili, kama zamani,” ikajibu.

“Mwongo mkubwa we!” Akaipandisha kwenye mizani ya iliki, aliyoipimia kompyuta hiyo siku alipoinunua, maana hakuna kinachoingia kwake bila kupimwa. Imepungua gramu ishirini. “Wewe na fundi wako mmechomoa nusu ya kumbukumbu, halafu mnaniona mjinga?”

Kompyuta ikamtumia fundi ujumbe, kisha ikasema:

“Bi Raya, mizani yako ni mbovu. Mafundi wamo njiani kuja kuichukua.”