Tende Mfukoni

Kila aliyetimiza hamsini hufungiwa kufuli la saratani, dawa ya kuizuia maisha yote, na siku ya saba huokewa mkate wenye umbo la kimeng'enya kilichofungwa: mabonge mawili na mfuko katikati. Bi Sikudhani alichomeka tende katika mfuko wa mkate wake, kama dawa ilivyokiziba kimeng'enya kinachoziamuru seli zikue. Saratani iliyomla mama yake haitampata.

"Tende imekaa kama bwana harusi, hainyanyuki!" binti yake Mwatime alicheka.

"Basi nitammeza mzimamzima!"

Vigelegele vikapasuka. Mwatime akamshika mkono. "Mama, kidole ulichojikata siku ya kufuli, bado kidonda kibichi?"

"Bado. Seli zilizokatazwa kukua hazifungi kidonda. Na mimi bado nipo. Pigeni ngoma!"

Akacheza na mjukuu mgongoni, kidole kakiinua juu, damu isimdondokee mtoto.