Ukuta wa Bi Zuhura

Nyumba ile kongwe iliwahi kukaliwa na kadhi, kisha tabibu, na mwisho Bi Zuhura, mchoraji aliyesifika mji mzima ingawa hakuna aliyebaki na mchoro wake hata mmoja. Sasa ilikuwa ya Tunu, mjane aliyetaka kubomoa ukuta wa sebule apate duka la vitambaa.

Fundi Chande alipopiga nyundo mara ya kwanza, lipu ilimeguka kama ganda la yai. Chini yake pakaonekana rangi.

“Simama, fundi!” Tunu alipiga kelele. “Usipige tena!”

“Mama, hiyo ni rangi ya zamani tu.”

“Rangi gani yenye kucha?”

Chande akasogea. Kweli, kilikuwa kidole cha mwanamke, kimepakwa hina. Akaweka nyundo chini. Tunu akakimbilia jikoni, akarudi na visu viwili, wakaanza kubandua lipu taratibu, kila mtu upande wake. Kikatoka kiganja, kisha bega, kisha shingo yenye mkufu. Tunu alikuwa akicheka na kulia, kope zimejaa vumbi.

“Na duka je, mama?” Chande aliuliza huku akiendelea kubandua.

“Duka litakaa uani. Kwangua, baba, kwangua!”

Alasiri ukafunguka uso. Mwanamke alikuwa amegeuka kama mtu aliyeitwa sasa hivi, midomo inataka kuitika. Na chini, kwenye pindo la kanga yake, kimkono kidogo kilikuwa kimemshika. Mwenye kimkono hicho bado alikuwa ndani ya lipu.