Kiyoyozi cha Chumbani

Wiki ya pili hii Bi. Ruzuna na mumewe, Twalibu, wamenuniana, ila bado wanalala chumba kimoja, kwa kuwa ndicho chenye kiyoyozi. Jana kiyoyozi nacho kikakata kauli.

“Nikitengeneze au mnanunua kipya?” fundi akauliza.

“Kipya,” akasema Twalibu. “Kifunge chumba cha wageni. Nahamia huko.”

Moyo ukamruka Ruzuna. Akajipepea kwa upindo wa kanga. “Fundi, mwambie mwanamume mwenzio kibovu hutengenezwa.”

“Mwambie kinanguruma.”

“Mwambie na yeye anakoroma, mbona sijambadilisha?”

Fundi akakohoa kuficha kicheko, akapanda ngazi. Ngazi ikayumba. Mke na mume wakaidaka, huyu huku, yule kule, macho ukutani, jasho likiwatiririka, na hakuna aliyethubutu kuachia.